Kiti cha Mbele

Gari lililetwa kwangu siku ya Jumatatu, nami nimekalia cherehani nashona kola za mashati ya shule. Mdogo wangu, fundi umeme, alikuwa amehamishwa kikazi, na huko aendako gari lisingeweza kumfuata. Aliweka ufunguo juu ya kitambaa, mbele ya sindano kabisa, ili nisiweze kuendelea kushona bila kuugusa.

"Dada, gari likikaa bure hufa," akasema. "Wewe kuendesha unajua. Ni lako."

Nilimwambia aniache nifikirie. Hakuniacha. Kadi ya gari alikwisha kubadilisha jina, na jina lililoandikwa lilikuwa langu.

Kuendesha najua, sikatai. Marehemu mume wangu alinifundisha mwaka ule macho yake yalipoanza kuingia ukungu kwa sababu ya sukari. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori, na dereva akiondokewa na macho ni sawa na fundi kuondokewa na vidole. Alikuwa anakaa kiti cha abiria, ameinamisha kichwa, analisikiliza gari kwa masikio. "Badilisha gia, linalia," ataniambia. Nilimwendesha hivyo miaka mitatu, hospitali na kanisani, na kwa watu waliotualika. Alipofariki, gari lile likauzwa kabla maua ya kaburini hayajakauka.

Tangu hapo ilipita miaka sita. Sitaki kusema watu walinitenga, maana hakuna aliyenifukuza. Mialiko ilipungua tu, kama maji ya bomba yanavyopungua, unaendelea kukinga ndoo mpaka unagundua ni matone. Nikiuliza mbona sikuambiwa kuhusu sherehe fulani, najibiwa kwa upole kwamba walijua ni mbali, na walijua hali ya magoti yangu. Walinihurumia mpaka wakanisahau. Nami nikazoea. Nilikuwa na cherehani, na kanisa liko hatua mia mbili kutoka mlangoni pangu. Jioni nilikuwa na Biblia na redio ndogo.

Sasa nimtaje dada yangu mkubwa, maana habari hii ni yake.

Mama yetu alipofariki, dada alikuwa darasa la nne. Akaacha shule ili mimi nisome. Darasa la saba nililonalo, kusoma na kuandika huku, ni la kwake. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi, kikamchukua mkono na mguu wa kulia, na maneno yake karibu yote. Lililobaki linalotoka vizuri ni "twende". Akitaka maji atasema twende, na ukimwudhi utaambiwa twende. Anaishi kwa mwanawe na mkwewe, ng'ambo ya kilima. Ili nifike kwake nilipanda mabasi mawili, kisha kile kilima kwa miguu, mahali ambapo basi haliendi. Mwanzoni nilikwenda kila mwezi. Halafu ikawa kila baada ya miezi miwili, na nikirudi ninakaa siku tatu nimefunga magoti kwa vitambaa vya moto.

Kwa hiyo niliposhika ule ufunguo, kabla sijawaza jambo jingine lolote, nilimwaza yeye.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda. Nilifunga mkanda, nikaomba, nikawasha. Rangi ya gari ilikuwa imepauka kama chai iliyozidishwa maziwa, lakini injini ilikuwa na adabu. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na geti, na alipoona nani yuko kwenye usukani alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki ikicheka. Tukamsogeza mpaka akaweka kiganja juu ya boneti lililokuwa na joto. Hakukitoa kwa muda mrefu.

Nikamwambia, "Jumamosi ijayo nakuja kukuchukua, tuzunguke. Utakaa mbele."

"Twende," akasema. Na siku ile nilijua ni twende kweli.

Mbele ni kwa sababu ya mguu. Haukunji. Kiti cha abiria cha mbele kinarudi nyuma hadi mwisho, na yeye anaweza kuingia kwa kukaa kwanza kisha kuzungushwa. Nyuma hawezi.

Kesho yake Redio aliliona gari. Huyu ni jirani yangu anayeuza mboga kwenye kona ya mtaa wetu, na jina hilo alipewa kwa sababu hahitaji betri. Mpaka ibada ya jioni ya Jumatano kila mtu alikuwa na habari, pamoja na kilomita ambazo gari limetembea, ambazo mimi mwenyewe sikuwa nimeziangalia.

Simu ikafufuka. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa alinipigia mwenyewe, sauti laini, akanikaribisha katika kamati ya harusi ya binti wa ndugu yake. Tukaenda kuwaona wagonjwa. Tukaenda kumpongeza aliyejifungua. Nilialikwa kwenye mambo ambayo sikujua kama bado yanafanyika. Na nisijifanye mtakatifu hapa: nilifurahi. Nilitoa sandukuni gauni langu la kijani, nikalipunguza kiuno. Mahali tulipofika nilipewa kiti kizuri na kikombe chenye kisahani. Njiani Redio alikuwa anatuchekesha mpaka namwomba anyamaze nione barabara. Miaka sita nilikuwa nikicheka na redio ya mezani. Sasa nilikuwa nacheka na ile yenye miguu.

Lakini gari lilikuwa na kasoro moja. Milango ya nyuma haikufunguka kutoka ndani. Mdogo wangu ana watoto wadogo, na kuna kitu alikibana mle mlangoni wasije wakajifungulia. Mimi sikujua kinabanuliwaje na niliona haya kuuliza. Basi kila tulipofika, nilizima gari, nikashuka na magoti yangu, nikazunguka na kuwafungulia wenzangu mmoja mmoja. Redio aliposhuka alikuwa ananipa mkono kama mke wa balozi.

Wiki ya pili, Katibu wa kikundi alitengeneza ratiba. Huyu alikuwa karani wa shule kabla ya kustaafu, na hawezi kuona watu wawili bila kuwapigia mstari. Aliibandika karibu na mlango wa kanisa, chini ya zamu za usafi. Niliisoma nimesimama, Biblia kwapani. *Gari, siku za Jumamosi. Mbele: Mwenyekiti. Nyuma: Katibu, mama wa mboga, na mgonjwa au mzigo.* Ilikuwa imepangwa miezi miwili mbele, kwa wino wa bluu na rula. Niliisoma mpaka chini. Dereva hakuandikwa.

Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema kitu. Mwenyekiti ni mama mwenye mwili na kofia, mtu ambaye akiingia popote kiti humfuata. Kumwona mbele hakukumshangaza mtu.

Jumamosi ile ya ahadi tulikwenda kununua vitambaa vya bibi harusi. Nilimpigia simu mkwe wa dada, nikamwambia wiki ijayo. Wiki iliyofuata mzee wa kanisa alilazwa, ikabidi twende. Nikapiga tena. Iliyofuata ilikuwa mazoezi ya kwaya mtaa wa pili. Safari hiyo nilipiga simu saa kumi jioni, na nikazungumza harakaharaka kwa sababu Mwenyekiti alikuwa amekwisha kukaa mbele, anajipepea na kitabu cha nyimbo.

Uchovu ule sijui niuelezeje. Mashati ya shule yalirundikana. Nilikuwa nasinzia mchana juu ya cherehani, na siku moja nilishona mfuko ukafungwa juu na chini. Nilipopiga magoti kusali nilishtuka shingo imekauka, nimelala katikati ya Baba Yetu. Nilikuwa na watu kila upande, na nilikuwa sijaongea na mtu.

Ijumaa moja asubuhi, mkwe wa dada akanipigia. Ni binti mpole, hana kelele.

"Mama mdogo, sikulaumu," akaanza. "Naomba tu kama kesho huji uniambie leo. Kila Jumamosi ikifika saa nne anataka nimvalishe viatu. Vile vyeusi vya ngozi. Anakaa navyo getini, na hakubali nimvue mpaka giza liingie. Ule mguu unavimba, mama mdogo. Wiki iliyopita nilivitoa kwa kukata kamba."

Nikamwambia, "Mvalishe."

Nadhani alikuwa anapima kama ni neno la mtu mzima au ni lile la wiki zilizopita.

"Haya, mama mdogo," akasema.

Niliketi. Shati lilikuwa chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nami nilikuwa nimetumia wiki tatu kula na wa kula. Niliomba nipewe maneno ya kumwambia Mwenyekiti. Sikupewa. Nikamalizia mkono wa pili.

Kesho yake ndiyo ilikuwa harusi yenyewe. Saa saba mchana nilipita kuwachukua kama ratiba ilivyotaka. Mwenyekiti alikaa mbele na kofia ya zambarau pana kama sinia. Nyuma walikaa Katibu na Redio, na katikati yao boksi la sufuria, zawadi ya kikundi. Tukafika njia panda. Ukumbi ni kushoto. Nikawasha taa ya kulia.

"Dada, ukumbi ni kushoto," Mwenyekiti akasema.

"Najua."

"Sasa huku tunakwenda wapi?"

"Kumchukua dada yangu. Nilimwahidi kiti cha mbele."

Redio akashindwa kuvumilia. "Mbele ipi tena, mwenzangu, na hiyo iliyopo imejaa?"

Katibu akakohoa. Akasema, kwa sauti ile ya ofisini, kwamba kwenye ratiba ya leo hakuna mgonjwa, kuna mzigo.

"Kwenye ratiba hakuna dereva pia," nikamwambia, "na mmefika hapa."

Nilisema hivyo nikitazama barabara. Nilishukuru kwamba kile kilima kinataka gia ya pili, ili niwe na kitu cha kushika. Mwenyekiti alisema maneno machache tu. Alisema harusi ni ya binti wa ndugu yake, na kwamba kuchelewa kwake kutaonekana. Nikamjibu kwamba najua, na kwamba nimechagua siku mbaya kwa sababu zile nzuri zote zimekwisha kupita.

Dada alikuwa getini. Gauni safi, kitambaa kichwani, na vile viatu. Kamba zilizokatwa zilikuwa zimebadilishwa kwa vipande vya kitambaa cheupe, vimefungwa fundo la kipepeo. Hakunyanyua mkono aliponiona. Alitazama gari, akatazama kiti cha mbele, akaona kina mtu, akashusha macho kwenye viatu vyake. Nimeona misiba mingi, lakini kule kushusha macho nitakwenda nako kaburini.

Nilizunguka, nikafungua mlango wa Mwenyekiti.

"Mama Mwenyekiti, nakuomba uhamie nyuma. Mguu wake haukunji."

Hakugeuza shingo. "Tangu niwaongoze akina mama hawa," akasema taratibu, "sijawahi kuambiwa nihame kiti."

"Leo nakuambia. Kwa heshima yote."

Tulibaki hivyo. Redio na Katibu walikuwa wamenasa kule nyuma, milango ile haifunguki, wanatazama mbele kama watu wanaopigwa picha. Mkwe wa dada alikuwa amemshika dada kwapani, hajui amsogeze au amrudishe. Nilijua kwamba Mwenyekiti akikataa sina la kufanya. Nisingeweza kumvuta mtu mzima kwa mkono. Ningemrudisha dada ndani kwa mikono yangu mwenyewe, na Jumamosi nyingine asingevaa viatu.

Dada akasema, "Twende."

Hakumwambia mtu yeyote hasa. Mwenyekiti akageuka, akamtazama usoni, kisha akashusha macho taratibu mpaka chini. Akaviona vile vipande vya kitambaa, na mguu uliovimba juu yake. Alivitazama muda. Halafu akavua kofia na kutoa mguu mmoja nje, akatoa na wa pili.

Kumwingiza nyuma ilikuwa kazi. Boksi la sufuria lilihamia mapajani kwa Redio, Katibu akabanwa mlangoni, kofia ikalazwa kwenye kioo cha nyuma. Njia nzima magoti ya Mwenyekiti yalikuwa mgongoni mwangu, nayahisi kwenye kila kona. Dada alikuwa ameshusha kioo, upepo unampiga usoni, macho yanamtoka machozi ya upepo, na kila tulipopita duka au mti au mtu mwenye baiskeli alisema twende, twende, pole pole, kama mtu anayehesabu.

Tulifika bibi harusi ameshaingia. Nilimshusha dada kwanza, kwa sababu ndiye mwenye kazi: kumzungusha, kumsimamisha, kungoja mguu ukubali. Wale watatu waliningoja nyuma ya vioo. Niliuona uso wa Mwenyekiti unatoka jasho. Sikufanya makusudi. Labda kidogo. Mungu ndiye ajuaye, na nimekwisha kumwomba msamaha kwa kiasi chochote kilichokuwemo.

Ndani, Redio alikaa upande wa kushoto wa dada. Kabla sijafika na kiti changu alikuwa amekwisha kumkatia keki vipande vidogo na anamlisha, huku anamsimulia nani ameshona wapi na nani gauni limembana. Dada alikuwa anapiga paja lake kwa mkono mmoja, akifuata ngoma ya kwaya.

Jumapili ratiba haikuwepo ukutani. Zilibaki pini nne. Simu ikarudi kulala. Mwenyekiti alikuwa ananisalimu kwa mbali, salamu kamili isiyopungukiwa na kitu, lakini bila kusimama. Baada ya wiki mbili nikasikia mwenye duka la vifaa vya ujenzi amenunua gari la viti saba, na kwamba Katibu ameonekana huko na rula. Sikusikia vibaya sana. Nilikuwa na mashati mia moja na ishirini ya kumaliza.

Lakini Ijumaa ya wiki hiyo hiyo Redio alipita mlangoni na kapu lake, akasimama.

"Kesho saa ngapi?"

Nikamwambia mimi naenda kwa dada yangu tu. Hakuna harusi, hakuna keki.

"Nimekuuliza saa ngapi, sijakuuliza wapi."

Tangu hapo tunakwenda watatu. Hatuendi mahali pa maana. Tunapita mbele ya shule ile ambayo dada aliiacha akiwa darasa la nne, nasimamisha gari kidogo, anatazama watoto wakicheza mpira. Tunanunua chai kwenye vikombe vya plastiki. Redio yuko nyuma anazungumza bila kituo, na dada, ambaye nyumbani watu wamezoea kuzungumza juu ya kichwa chake, anasikiliza na kucheka ile nusu yake. Mimi naendesha. Jioni magoti yananiuma vile vile, sitadanganya kwamba yalipona.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunarudi, jua bado kali, tukamwona Mwenyekiti amesimama kituoni peke yake, kofia kichwani, mfuko chini. Sijui gari la viti saba lilikuwa wapi siku hiyo. Nilipunguza mwendo. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza. Nikasimama mbele yake. Alimwona dada kwenye kiti cha mbele, na dada akamwona.

"Nyuma kuna nafasi," nikasema.

Alitazama barabara upande ule basi linakotokea. Hakukuwa na basi. Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, kwa kuwa kwa nje unafunguka, akavua kofia, akaingia.

Tulipokaribia kwake akauliza, bila kumtaja mtu, kama ule uvimbe wa mguu umepungua. Nikamwambia umepungua. Akasema yeye ana mafuta ya kuchulia, atayaleta kanisani.

Tulipofika getini kwake nilizima gari. Alikaa ametulia nyuma, mikono juu ya kofia, anangoja. Nikashuka na magoti yangu, nikazunguka, nikamfungulia.